Yule wa Kamba

Walikale, siku ya kwanza ya juma, mvua imetoka kukatika

Papa Furaha, baba ya watoto wangu,

Jambo kwako, na jambo kwa lile goti lako la kushoto lenye kujua mvua mbele ya mawingu. Umelala? Umekula? Mafuta nilikuachia ndani ya chupa ya bluu, unajipaka ao umeiweka juu ya sanduku uitazame kama sanamu ya mutakatifu? Nakujua, muzee. Siku nitakuta chupa imejaa, utanisikia.

Sisi tuko. Sisemi tuko muzuri, nasema tuko. Binti yetu Furaha anakusalimia. Anatwanga majani ya sombe ya watu sokoni tangu asubuhi, mikono yake imekuwa kijani kama chura. Watoto wake watatu wanakula, wanakua, wanapigana. Ule mudogo ameanza kuota meno na ananiuma mimi peke yangu, anajua koko mwenye kumuzaa mama yake hana kitu cha kumurudishia, yangu yamebaki manne.

Barua hii nasema kwa kinywa, Mama Kavira njo anaandika. Ni yule mama wa Butembo mwenye duka la chumvi na mawese karibu na kanisa, na gari lake njo litakuletea karatasi hii. Nimemuambia aandike vile ninasema, hata nikitukana. Anasema matusi haifai ndani ya barua. Nimemujibu: barua yenye haina matusi, bwana yangu hatakubali kama imetoka kwangu.

Umupe katekista wa kule kwetu peke yake akusomee, asome polepole, mulango umefungwa. Jina moja sitalitaja. Bariere za wenye bunduki ziko mingi njiani, na watu wa bariere siku hizi wanajua kusoma kuliko sisi. Nitasema «kitinda-mimba wetu», inatosha. Wewe na mimi tuko na mumoja tu.

Sasa nikuambie vile nilijifunza kuchora. Usicheke.

Hapa kuko kanisa kidogo la mbao, ukuta wa nyuma ya altare ni potopoto. Tulipokimbilia hapa kutoka Masisi na kukuachia ng'ombe, katekista wa hapa aliomba wamama waupige upya, mvua ilikuwa imeulamba. Unajua mukono yangu. Nilichanganya udongo na kinyesi ya ng'ombe na majivu, nikaupiga mupaka ukawa laini kama shavu ya mutoto. Sasa kuko muzee mumoja, Mwalimu Anselme, mwenye kuandika majina ya maduka na majina ya wafu juu ya masanduku. Katekista alikuwa amemuomba achore mateso ya Yezu juu ya ule ukuta. Lakini mikono yake inatetemeka. Yeye anasema ni malaria. Pombe ya ndizi yenye alikunywa miaka yote nayo iko na neno lake la kusema, lakini hakuna anayeiuliza.

Alikuja, akagusa ukuta wangu na kiganja, akasema: «Mama, mukono yako haitetemeki. Nitakufundisha.»

«Mimi sikusoma hata siku moja.»

«Burashi nayo haikusoma.»

Alifungua karatasi moja, ukurasa wa kalenda ya zamani ya misheni. Papa Furaha, mimi niliona picha mingi za Yezu, lakini ile! Mbingu nyekundu kama kidonda. Yezu amefungwa mikono, askari watano wamemuzunguka, mumoja anamuvuta na kamba. Mikono ya watu mikubwa kama majembe, nyuso kijani, midomo imepinda, musalaba umeinama kama mutu mwenye kusikiliza. Nilimuuliza: «Huyu alichora akiwa amelewa?»

«Mimi njo mulevi hapa, mwache yeye,» akasema. «Zamani walikuwa wanachora Yezu kama ametoka kwa kinyozi. Huyu wa siku hizi alitaka uone maumivu kwanza, mutu umuone kisha.»

Nikasema haya, kama ni maumivu, niko na ya kutosha.

Alipiga uzi wenye makaa juu ya ule ukurasa, ukagawanyika makaro madogo kama vidirisha. Akapiga tena uzi juu ya ukuta, makaro makubwa, hesabu ni moja. Yenye iko ndani ya karo ndogo, unaiweka ndani ya karo kubwa. Aliandika herufi na namba pembeni. Nikamuambia hizo ni wadudu kwangu. Basi nikaweka alama zangu: karo ya jembe, karo ya kuku, karo ya nyungu, karo ya ndizi. Anselme alicheka, lakini kisha ya siku mbili yeye mwenyewe alikuwa anasema, «Leo tumalize kuku, kesho tuingie jembe.»

Kazi yenyewe ni hivi: usichore mukono. Ukisema «nachora mukono», utachora ule uko kichwani, na ule wa kichwani ni kama muhogo. Chora tu yenye iko ndani ya karo, kipande cha nyeusi, kipande cha nyekundu, usijue ni ya nini. Siku tatu nilichora mihogo. Anselme alifuta na kitambaa chenye maji, nikamutukana, akafuta tena. Siku ya nne niliacha kujua. Nilitazama karo kama vile natazama mawe ndani ya mchele. Niliposhuka kwenye ngazi na kurudi nyuma, mukono ulikuwa pale, mukubwa, umefungwa, na ulikuwa unauma. Nililia, muzee. Mimi mwenye sikulia siku nyumba ya dada yangu iliungua.

Nyekundu ya mbingu ni udongo wa hapa, nyeusi ni masizi ya nyungu zetu, nyeupe ni udongo mweupe wa mutoni. Rangi ya kweli ya Anselme ilitosha nyuso tu.

Lakini ule ukurasa, mende zilikuwa zimeula. Karo ya nyungu ilikuwa tundu. Na karo ya nyungu njo ilikuwa kichwa cha ule askari mwenye kuvuta, na mukono wake. Bega lilibaki, na kamba, basi.

«Weka mwanaume yeyote,» Anselme akasema.

«Mwanaume yeyote nilimuona wapi? Kila mwanaume iko na mama yake.»

«Mama, usinisumbue. Funga macho, uone mutu anavuta kamba.»

Nikafunga macho. Mutu mwenye kuvuta kamba, mimi nimeona nani katika maisha yangu? Niliona ule mteremko wetu, na yule ng'ombe mukaidi mwenye doa jeupe, na mutoto anamuvuta kumuteremusha mutoni, bega mbele, kichwa kimegeuka. Nilifungua macho, nikachora kabla haijapotea. Kamba niliizungusha mara mbili kwenye kiganja, kidole gumba juu yake. Sikio la kushoto nililiacha limepasuka. Sikuwaza. Mukono njo uliwaza.

Furaha aliniletea bugali. Alisimama na sahani. Akasema, «Mama, huyu...» Akaweka sahani chini. Kisha akasema: «Mama, umemuweka mudogo wangu upande wa wabaya.»

«Sijamuweka upande,» nikajibu. «Nilitaka mwenye kujua kuvuta.»

Nikuambie kweli, nilifurahi. Misimu miwili ya maharagi tangu kitinda-mimba wetu aende kule Omate kuchimba dhahabu apate ng'ombe za kuoa, hakuna neno, hakuna mutu mwenye kusema nilimuona. Na sasa alikuwa hapo, mukubwa, amekunja uso vile alikuwa anakunja nikimunyima maziwa. Kila asubuhi nilikuwa namusalimia mbele ya kumusalimia Yezu, Mungu anisamehe. Na Yezu mwenyewe hakuwa na uso bado. Kwenye ile kalenda uso wake ni misitari miwili tu, jicho hakuna, mudomo hakuna. Nilikataa. Mutu bila uso, nani atamuhurumia? Nilisema nitauacha mupaka nione.

Juma moja likapita. Watu wapya wakafika kutoka upande wa machimbo, miguu imevimba. Wamama na watoto tukawaweka ndani ya kanisa. Kati yao kulikuwa Mama Neema, muke kijana, mutoto mgongoni, basini ya nguo kichwani. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nachora mbingu. Nikasikia basini inaanguka. Nikageuka. Alikuwa amekaa chini juu ya nguo zake, anaonyesha kidole.

Nikasema: «Usiogope mama, ni picha tu.»

Akasema, «Ni huyu.»

«Nani?»

«Huyu wa kamba. Njo yeye alimufunga bwana yangu.»

Watu wakamuambia ni njaa, ni safari, askari wa picha wote wanafanana. Mama mumoja akamuletea maji. Yeye akatikisa kichwa. «Sikio,» akasema. «Na vile anashika. Alizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja, gumba juu, kama mutu mwenye kupeleka dume sokoni. Wengine walikuwa wanavuta ovyo, wanajichoma mikono. Yeye alijua.»

Papa Furaha, ni nani alimufundisha kuzungusha mara mbili, gumba juu, ili kamba isichome mukono? Kaa chini kama umesimama.

Mimi, mwenye kinywa hiki unachokijua, chenye kilimujibu hata padri siku ya ndoa yetu, nilinyamaza siku tatu. Nilishuka kwenye ngazi, nikaosha burashi, nikaenda kupika. Maharagi niliyaweka chumvi mara mbili. Furaha alinitazama, akayala vile yalivyo. Siku ya pili Mama Neema alihamisha kitanda chake cha majani mbali na ukuta. Mutoto wake akitazama ule upande, anamugeuza kichwa na mukono. Niliona. Nilikuwa nafuta macho jikoni na kusema ni moshi.

Siku ya nne nilimukuta kwenye chemchemi, anafua. Nikakaa juu ya jiwe, nikasema bila salamu:

«Mama Neema, yule wa kamba ni wangu.»

«Najua. Wewe njo ulimuchora.»

«Hapana. Mimi njo nilimuzaa.»

Hakupiga kelele. Aliendelea kufua ile nguo, anaikamua, anaitia tena ndani ya maji, anaikamua. Nilingoja anipige. Jiwe lilikuwa karibu na mukono wake, nililiona, sikulisogeza. Kisha akauliza: «Alikuwa mutoto wa namna gani?»

Ningejibu nini? Nilisema ukweli. «Alikuwa anaogopa jogoo. Ndevu zinaanza kumutoka, bado anazunguka nyumba yote kama jogoo iko mulangoni.»

Akacheka. Kicheko kilimutoka kama kikohozi, na katikati kikageuka. Alipoweza kusema, alisema: «Bwana yangu aliomba maji. Wengine walimucheka. Huyu wako alienda akamuletea. Alimunywesha kwanza, akamungojea amalize, kisha akamufunga.»

Lile jiwe nililisogeza karibu na mukono wake. Kwa sababu hiyo nayo ni yetu. Ng'ombe haendi safari na kiu, unamunywesha mbele ya kumufunga. Wewe ulimuambia hivyo akiwa na miaka sita, nilikuwa nimesimama pale na kibuyu.

Walimubebesha bwana yake muzigo na wengine. Siku ya tatu mubebaji mumoja alirudi na shati yake, basi.

Nilimuambia: «Leo hii nitachukua udongo, nitamufuta yule mutoto kwenye ukuta. Hautamuona tena.»

Alinishika mukono, na alinishika kwa nguvu. «Ukimufuta, mimi nitakuwa muongo. Watu wanasema niliona njaa. Mwache pale. Usimufute.»

Basi sikumufuta. Lakini nilimuuliza kitu kimoja. Nilimuuliza: «Bwana yako alikuwa na uso gani?»

Siku mbili tulikaa mbele ya ule ukuta, yeye anasema, mimi nachora. Alikuwa fundi wa baiskeli. Paji pana. Jicho moja dogo kuliko lingine. Ndevu za upande mumoja zilikataa kuota. Pengo mbele, juu. Kila kitu nilikuwa nakiweka, yeye anasema hapana, nafuta, naweka tena. Hapo hapakuwa na kalenda ya kufuata, makaro hayakunisaidia. Nilikuwa namuchora mutu mwenye sikumuona hata siku moja, na mwanangu amesimama pembeni anamuvuta. Jicho dogo lilinishinda. Mama Neema alichovya kidole chake ndani ya masizi, akaliweka mwenyewe. Mara moja. Akarudi nyuma, akakaa, akafungua ziwa akamunyonyesha mutoto akitazama ukuta, na hakumugeuza tena kichwa.

Katekista alikuja kuona. «Mama, Yezu mwenye pengo?»

«Aliyepigwa hivyo, wewe unataka meno yabaki yote?»

Anselme alikaa kwenye benchi, akasafisha burashi zote. Kisha akasema kwamba yule muchoraji wa kalenda angekuja hapa, angeomba nimufundishe. Hiyo ilikuwa juzi, siku ya posho. Ningefurahi kama barua ingeishia hapo.

Jana siku ya Mungu, misa imefika matoleo, wakaingia wanaume wawili wenye bunduki. Sisemi ni wa nani. Hawakutoa kofia. Walisimama nyuma, na watu waliendelea kuimba, lakini ule wimbo ulipungua, kama maji kwenye tundu ya ndoo. Misa ilipoisha hawakutoka. Watu walipita pembeni yao wakitazama chini. Mumoja akasogea mbele mupaka altare, akatazama ukuta. Akacheka.

«Nani alichora hii?»

Katekista alitazama viatu vyake. Mimi nikasema, «Ni mimi.»

«Mama, wewe ni fundi. Huyu wa kamba, unamujua?»

Nilijifanya nakunja kitambaa cha altare. Mwenzake akasogea na telefone, akapiga picha, ya ukuta wote, kisha ya ule uso peke yake. Yule wa kwanza akasema: «Sisi tunamujua. Iko mukubwa wa kundi sasa. Tutamutumia, atafurahi kujiona kanisani.»

«Ataiona wapi?» mwenzake akasema. «Wako wanapanda kwenda Masisi kuanzia juma hili. Anasema kule kwao ng'ombe wananenepa, na kuko nyumba yenye mulango haufungwi. Watalala pale.»

Wakatoka. Walimuchukua jogoo wa matoleo.

Sasa elewa, Papa Furaha. Ile nyumba ni yake. Kwetu mwenye kusafiri bila habari, mulango wa nyumba yake haufungwi mupaka arudi, na moto unawashwa ndani kila jioni. Baba yako alifanya hivyo kwa kaka yako, na wewe umefanya hivyo misimu miwili, na goti lako, na kuni ukibeba mwenyewe. Mimi nilikuwa nakupenda kwa hiyo. Kila jioni hapa nilikuwa nasema: saa hii muzee anawasha. Na yeye hakusahau. Kati ya vyote tulimufundisha, hakusahau hata kimoja. Kamba anajua. Maji anajua. Mulango anaujua.

Asubuhi hii Anselme ameondoka kwenda Hombo. Aliniachia burashi kubwa, akasema picha ikianza kujulikana, muchoraji anatafuta kwa kulala kwingine. Aliniambia niende naye. Nikasema mimi naandika barua. Wazee wa kanisa walikutana, wanataka ukuta upakwe udongo leo leo. Nikawauliza: «Nani kati yenu anajua kupiga potopoto?» Kila mumoja akachukua fimbo yake. Basi ukuta uko vile uko. Watu wamesogeza benchi upande wa pili. Mama Neema anakaa mbele kabisa, mimi nakaa karibu naye. Jana kisha ya wale kutoka, alinipa nusu ya muhogo wake.

Sijui nani atafika kwanza, gari la Mama Kavira ao wale. Kwa hiyo sikiliza, na usijifanye goti linakuzuia kusikia.

Siku barua imefika, usingoje jioni. Fungulia ng'ombe wote, waache waende kwenye pori la juu, hata yule wa doa. Kamba zote zitie motoni, hata ile mupya uliyosuka. Usiniambie ni nzuri, najua ni nzuri. Panda gari hili hili la Mama Kavira likirudi. Shofere ni mutu wake, anakujua sura, nilimueleza: muzee murefu, mwenye kubisha. Kaburi ya mama yangu iache, ile inajua kujilinda. Beba blanketi mbili na ile chupa ya bluu.

Usiniambie utabaki uongee naye. Najua njo unawaza hivyo sasa, umeinua kidevu. Unawaza atakuona na atarudi kuwa wetu. Inawezekana. Mimi nilimuzaa, nawaza hivyo kabla haujawaza. Lakini hatakuja peke yake, na wenzake hawakufundishwa na wewe hata kunywesha.

Umusalimie sana dada yako mukubwa, muuza maziwa, na umuambie afunge virago leo, si kesho, ule mudomo wake aupumzishe njiani. Umusalimie shemeji yangu wa ng'ambo ya muto na bibi yake, na wale mapacha wao wenye niliwapokea na mikono hii. Waambie wote, lakini usiwaambie kwa nini. Waambie mama Furaha ameota ndoto mbaya. Wananijua mimi siotagi. Wataelewa. Katekista mwenye kukusomea, nakushukuru, baba. Ukimaliza kusoma, kula karatasi hii ao uichome, halafu na wewe funga virago.

Mama Kavira ameacha kuandika, anafuta macho. Nimemuambia aandike, bado kumebaki mulango.

Ule mulango, muzee. Mbele ya kuondoka, zima moto wake, uufunge. Najua kufunga ni kusema amekufa. Najua baba yako hakufunga wa kaka yako mupaka akaingia kaburini. Mimi mama yake nasema: funga. Akija mutoto wetu, atapiga hodi, vile tulimufunza. Akija yule wa kamba, atauvunja. Na wewe usibaki ndani kusikiliza ni nani kati yao amefika.

Kuja. Nakungoja karibu na ukuta.

Mimi, mwenye kukufokea kwa sababu uko wangu bado,

Mama Furaha

Hapa chini nimeweka kidole changu. Usiogope ile nyekundu, ni udongo wa mbingu ya Yezu.